Bolti ya Lee-Enfield ya zamani: soma namba kwanza

Kama unayo bunduki ya Lee-Enfield ya zamani, ile ya enzi za mkoloni yenye pua butu, naomba kabla hujapaka mafuta wala kung'arisha chochote usome namba. Nyuma ya mkono wa bolti (kile chuma unachovuta na kusukuma kufunga nyuma ya mtutu) kuna namba imegongwa, na kwenye bodi, yaani chuma bolti inamotembea, upande wa kulia, pale mtutu unapoingia, kuna nyingine. Zinatakiwa ziwe sawa. Zikitofautiana basi hiyo bolti ni ya bunduki nyingine, na shida inaanzia hapo.

Kuna mzee wa huku Langoni, Lamu, aliniita nimwangalizie yake, leseni anayo na karatasi zote ziko sawa (hilo lazima niulize kwanza, Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haichezewi, ukikuta bunduki darini kwa marehemu babu usiifungue, iache hapo uite polisi). Akaniambia, "Mwanangu, bolti imekuwa nzito, nipigie msasa kidogo ilainike." Nikamwambia, la, babu, msasa hapana kabisa.

Sababu ni hii. Lee-Enfield inajifunga kwa nyuma, si mbele kama Mauser, bunduki ya Kijerumani. Bolti ina jino fupi upande wa kushoto na mbavu ndefu kulia, na hivyo viwili ndo vinabeba kishindo chote risasi ikilia. Kiwandani fundi alivisugua taratibu mpaka vikaegemea sawasawa kwenye bodi ile moja tu, ndo maana wakagonga namba. Ukipitisha msasa pale umetoa chuma ambacho hakirudi, bolti inakaa nyuma zaidi na nafasi kati ya uso wake na kitako cha mtutu inapanuka. Sasa risasi ya .303 ina ukingo kitakoni, ukingo huo ndo unaishikilia isizame kwenye chemba (tundu la mtutu inapokaa risasi), nafasi ikizidi ganda linavutika na linaweza kukatika karibu na kitako, gesi ya moto itoke nyuma alipo mpigaji na uso wake.

Kwa hiyo tulianza na usalama. Risasi zote nje ya chumba, si pembeni ya meza, nje kabisa. Magazini ikatolewa, bolti ikavutwa nyuma, tukachungulia chemba halafu kidole kidogo kikaingia kuhakikisha, maana macho hudanganya kwenye shimo jeusi. Ndo nikavuta bolti mpaka mwisho, nikabinua kichwa chake kitoke kwenye reli ya kulia, ikatoka yote.

Na uzito ulikuwa nini? Grisi ya zamani iliyoganda ndani kwenye springi pamoja na kutu, hewa yetu ya Lamu ina chumvi na chuma hakipumziki hapa. Mafuta ya taa, brashi laini, kitambaa, basi. Bolti ikateleza bila kuondoa hata chembe ya chuma.

Kichwa cha bolti kinafunguka kwa kuzungushwa. Ukikirudisha kiangalie kinapoishia, kikizunguka na kupita mstari wake zaidi ya digrii 20 hivi ujue nyuzi zimelika. Kwenye modeli ya baadaye, No. 4, vichwa vina namba 0 mpaka 3, kila kimoja kirefu kuliko kilichotangulia kwa kama mm 0.08, fundi anabadilisha kichwa kurekebisha nafasi. Hii ya mzee ni SMLE, ile ya awali yenye pua butu, vichwa vyake havina hizo namba, unajaribu kimoja kimoja kwa geji, kipande cha chuma cha kupimia nafasi hiyo.

Pini nayo, ile inayogonga risasi, itazame. Ncha iwe ya mviringo na laini, itokeze kama mm 1 mpaka 1.27, ikiwa kali au imeliwa na kutu inatoboa fataki, kile kidonge cha kuwashia baruti kitakoni mwa risasi. Kwa nyuma iwe sawa na kipande cha kukokea, na kile kijiskrubu kimekaa kwenye mfereji wake. Ikihitaji kuzungushwa kuna kifaa chake maalum kinachoingia kwa mbele, usilazimishe kwa koleo.

Mwisho geji. Ile ya mm 1.63 bolti lazima ifunge, ile ya mm 1.88 lazima igome, na unasukuma kwa kidole tu, ukikandamiza mkono wa bolti utailazimisha ifunge na kipimo kitakuwa cha uongo. Ya mzee ilifunga ya kwanza, ikagoma ya pili, na namba zake zinafanana, nilifurahi mno. Hata hivyo geji haioni ufa kwenye chuma wala hali ya mtutu, kwa hiyo nimemwandikia kikaratasi, nikakifunga kwenye kifyatulio: isipigwe mpaka fundi wa silaha mwenye kibali aikague yote. Bolti imepakwa mafuta mepesi, inakaa kwenye sefu yake peke yake.