Ndimu Niliyoiacha Mombo

Lushoto, Jumapili usiku

Leo nimefika kwa bibi kwa basi. Mara ya mwisho ilikuwa 2018, na nilipanda kwa gari la kukodi, kioo wazi njia nzima, tumbo tupu tangu jana yake.

Naogopa kutapika. Sisemi sipendi, maana hakuna anayependa. Naogopa kiasi kwamba kwa miaka mingi hata neno lenyewe sikuweza kuliandika. Wataalamu wanaiita emetofobia. Nyumbani waliita madeko.

Nilikuwa na miaka tisa nilipotapika ndani ya basi, kwenye kona hizihizi za Soni, njia ya kupanda Lushoto. Mama niliyemchafulia kanga hakusema kitu, ila kondakta alinisema mbele ya abiria wote mpaka tunashuka. Tangu hapo nikaanza kujilinda. Maziwa nayanusa mara tatu kabla ya kunywa. Kiporo sigusi. Mikono nilinawa hadi ngozi ikapasuka. Mtoto wa dada akiumwa tumbo, mimi natafuta sababu ya kutoka. Safarini sili kabisa, na ndimu haikosekani mkobani. Hata kuzaa nimekuwa nikiahirisha kwa kuogopa ile miezi ya mwanzo. Mume wangu alidhani ni kazi. Nilimwambia ukweli mwezi wa tatu mwaka huu, tukalia wote wawili.

Mwanasaikolojia ninayemwona alinieleza jambo ambalo natamani ningelijua mapema: hofu yenyewe huleta kichefuchefu. Mwili ukishtuka, tumbo hupunguza kazi yake, linaanza kuvurugika, nami nalichukulia hilo kuwa dalili kwamba natapika sasa hivi. Naogopa zaidi, linavurugika zaidi. Halafu akaniuliza, "Dada, hiyo ndimu inakulinda na nini?" Sikuwa na jibu. Kila safari niliyofika salama niliishukuru ndimu, kwa hiyo sikuwahi kujua kwamba ningefika hata bila hiyo.

Tukaanza taratibu. Kuandika neno. Kulisoma kwa sauti. Kusikiliza sauti iliyorekodiwa ya mtu akitapika, mara ya kwanza kwa sekunde chache tu, huku nikitetemeka. Wiki moja alinipa kazi ya kupika uji wa shayiri, nichanganye na juisi, niumwage sakafuni na kukaa nao bila kukimbia, mpaka hofu ishuke yenyewe. Ilishuka. Ilichukua karibu saa nzima, lakini ilishuka. Hakuniahidi hata siku moja kwamba sitatapika. Nilitamani sana aniahidi. Alichotaka nijue ni kwamba nikitapika, nitanawa uso na maisha yataendelea.

Leo Mombo basi liliposimama, nilikaa kwa mama ntilie nikala. Ndimu nikaiacha mezani pale.

Tulipoipita Soni, mtoto wa siti ya mbele yangu akatapika. Masikio yalivuma, jasho likanitoka, nikaangalia mlango. Mama yake alikuwa amemshika kwa mkono mmoja na mfuko kwa mwingine. Akageuka, "Dada, nisaidie hiyo chupa ya maji." Nikaichukua, nikaifungua, nikamimina kidogokidogo kwenye kitambaa chake. Harufu niliisikia yote. Mkono ulitetemeka na maji mengine yalinimwagikia gauni. Sikuhama siti.

Bibi alinipokea mlangoni. Nilimwamkia, akanishika mashavu, akauliza swali lake la miaka yote: "Umekula njiani, mwanangu?"

"Nimekula, bibi. Chapati mbili na maharage."