Bikoni Ijue Mteja Yuko Karibu, Isiguse Pesa Zake

Mteja anafika kaunta, simu iko mfukoni, anataja jina, keshia anathibitisha, pesa zinakatwa. PayPal walitangaza mfumo wa aina hii Septemba 2013, miezi mitatu baada ya Apple kutambulisha iBeacon, mfumo wake wa bikoni, yaani vifaa vidogo vinavyorusha ishara ya Bluetooth kwa simu zilizo karibu. Google walijaribu wao, Hands Free, mwaka 2016 kusini mwa San Francisco, wakausimamisha mapema 2017. Wazo lenyewe ni zuri. Kinachoangusha wengi ni kuamini kwamba bikoni ya Bluetooth inapima umbali.

Haipimi. Inachofanya ni kutangaza tu: baiti 16 za utambulisho, ambazo kwa kawaida hupewa kampuni nzima, 2 za tawi, 2 za kaunta au rafu, na baiti 1 inayosema ishara huwa na nguvu kiasi gani ukiwa mita 1. Simu hulinganisha namba hiyo na ishara inayoipokea, kisha inakisia. Tuseme kwa mita 1 ni -59 dBm (kipimo cha nguvu ya ishara, kwa desibeli). Mahali pa wazi, ukisoma -65 uko kama mita 2. -71, mita 4. Kila desibeli 6 zikipungua, umbali unaonekana umeongezeka maradufu. Sasa mtu asimame katikati. Mwili una maji mengi, na maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, zikipotea desibeli 10, mteja aliye mita 2 ataonekana yuko zaidi ya mita 6. Rafu za chuma nazo hurudisha mawimbi, namba ikapanda na kushuka hata kama mteja hajasogea.

Kwa hiyo pima upya bikoni ikiwa imeshafungwa mahali pake, usitegemee namba ya kiwandani. Shika simu mita 1 kutoka kwenye bikoni, kusanya vipimo kwa sekunde 10 au zaidi, tupa vilivyozidi mno na vilivyopungua mno, chukua wastani. Rudia simu ikiwa mfukoni, maana huko ndiko itakakokuwa. Bikoni za rafu zifungwe juu ya vichwa vya watu. Za kaunta zipunguzwe nguvu, zichomekwe kwenye umeme wa USB ili zitangaze kila milisekunde 100 bila kumaliza betri.

Kaunta zikikaribiana, kiwango kimoja cha ishara hakitoshi. Linganisha bikoni mbili, na usimhamishe mteja kwenda kaunta nyingine kwenye mfumo mpaka bikoni mpya iwe imezidi ya zamani kwa sekunde kadhaa mfululizo. Kwenye iPhone kumbuka pia kwamba programu moja hufuatilia maeneo 20 tu, hivyo usisajili kila tawi peke yake; sajili utambulisho wa kampuni, tawi utalijua simu ikishaamka. Taarifa kwamba mteja ameondoka nayo huchelewa kama nusu dakika, kwa hiyo aliyetoka anaweza kubaki kwenye skrini ya keshia.

Hapo ndipo penye hatari. Matangazo ya iBeacon hayajafichwa; yeyote mwenye simu anaweza kuyanakili na kuyarusha kwingine, na mteja akahesabiwa yuko dukani naye yuko nyumbani. Bikoni ifungue tu orodha ya wateja walio karibu kwenye skrini ya keshia. Idhini itoke kwa keshia aliyelinganisha uso na picha, ipite kwenye seva, na mteja apate ujumbe papo hapo wenye kiasi na kitufe cha kupinga. Juu ya kiwango fulani, namba ya siri iombwe.

Kwa maduka ya Kenya yanayopokea M-Pesa, njia iliyo salama zaidi ipo tayari: bikoni itambue kaunta, mfumo wa duka utume ombi la malipo kwenye simu, mteja aweke PIN. Mteja atalazimika kuitoa simu mfukoni, lakini namba ya till (ya malipo ya duka) haitaandikwa kimakosa, na foleni haitasimama kwa sababu ya tarakimu moja.