Tope ndo limebeba kila kitu

Kila vuli ikianza huwa nasimama darajani Mto Mirongo hapa Mwanza naangalia maji, na yale ya dakika za mwanzo ndo yanatisha, meusi, oili inametameta juu rangi rangi, yamebeba uchafu wote wa miezi ya kiangazi kutoka barabarani na kule milimani Mabatini na yote yanaingia Ziwa Victoria, ziwa hilohilo tunalokunywa. Watu wanalalamikia chupa kwa sababu zinaonekana. Mi linaloniuma ni tope, yaani lile laini kabisa, maana fosforasi inashikamana na chembe zake na hiyo ndo chakula cha magugumaji na mwani wa kijani. Vumbi la breki nalo linasafiri humohumo, na zinki ya mabati kiasi.

Sasa gereji ya mjomba ina mteremko, maji yote ya uwanjani yanaishia kona moja. Tukaweka pipa la lita 200 la kuyachuja, chini kokoto kubwa, zikafuata ndogo, juu mchanga kama sentimita 50. Mvua tatu tu likaziba. Akanipigia, "mjomba njoo, pipa lako linafurika". Nikakwangua na mwiko wa fundi, aisee, juu ya mchanga kumelala ngozi nyeusi unene wa chapati, inateleza, inanuka dizeli, halafu chini yake mchanga msafi kabisa kama ulivyotoka kwenye lori! Mchanga ulifanya kazi yake, sisi ndo tuliutupia kila kitu kwa mara moja.

Basi tukachimba shimo la kutuliza maji kabla ya pipa, tukajengea tofali, maji yakiingia yanapunguza kasi, kizito kinazama na oili inaelea, na pale pa kutokea tukafunga elbo ya bomba inayoangalia chini, mdomo wake umezama, kwa hiyo yanayoenda kwenye pipa ni maji ya katikati. Elbo moja tu ya plastiki, imebadilisha kila kitu. Mvua ikizidi sana maji yanapita pembeni, na hilo halinisumbui sana kwa sababu uchafu mwingi unakuja mwanzoni.

Kazi haijaisha hapo, kila baada ya muda unakwangua sentimita mbili za juu unaweka mchanga mwingine, na lile tope usilirudishe mtaroni jamani, sisi tunalitunza kwenye ndoo yenye mfuniko. Na maji yake si ya kunywa, vilivyoyeyuka vinapita kwenye mchanga na vijidudu haviondoki vyote.

Jumamosi ilinyesha. Maji yaliyotoka yana rangi ya chai iliyozimuliwa, ukiyatia kwenye chupa unaona kidole chako upande wa pili. Mjomba anaweka chupa moja ya kila mvua dirishani, zimefika sita, wateja wameanza kuuliza ni za nini.