Daftari la Madeni ya Mjomba

Mjomba wangu alizama na meli ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, akiwa daraja la tatu pamoja na mikungu yake ya ndizi, na siku ya nne ya msiba wake mhubiri mmoja alisimama chini ya turubai letu pale Mabatini, mtaa wetu wa Mwanza, akatuambia kwamba marehemu yuko motoni. Nilikuwa na umri wa miaka 13. Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na karibu kila mara nimeisimulia vibaya, kwa sababu nilikuwa nikimfanya mhubiri kuwa mtu mbaya na bibi yangu kuwa mshindi wa mabishano. Haikuwa hivyo.

Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yao ilikuwa na majina 443, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kabisa, kwa hiyo jina la mjomba halikuandikwa mahali popote. Kwa siku mbili mama alishikilia jambo hilo kama tumaini: ikiwa jina halipo, huenda alishuka njiani, bandari ya Kemondo, huenda alilewa akaachwa na meli. Baadaye mtu aliyeokolewa akaja kutueleza kwamba alimwona, na kwamba usiku wa safari walitafuna kahawa pamoja. Wanaume wa ukoo walikwenda uwanja wa Nyamagana, ambako miili ilikuwa imepangwa ili watu watambue ndugu zao, wakarudi bila kusema neno. Rais Mkapa alikuwa ametangaza siku 3 za maombolezo ya taifa, na redio ya jirani ilisikika mchana kutwa. Waliofariki walizidi 800, na wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma. Mpaka leo tunapokwenda Igoma tunasimama mbele ya makaburi bila kujua kama mjomba ni mmoja wa waliolala hapo, au kama bado yuko ziwani.

Kati ya habari zote zilizotembea katika misiba ya Mwanza wiki ile, iliyotuumiza zaidi ilikuwa habari ya kugonga. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja; ilielea chini juu, na watu waliokuwa wamenaswa ndani walisikika wakigonga bati. Waokoaji walitoboa tundu ili wawatoe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kwa tundu hilo, na meli ikaenda chini. Wanawake walipofika hapo katika kusimulia walikuwa wakijifunika uso kwa kanga. Mimi nililala usiku nikisikia kugonga katika kila bati la Mabatini lililopigwa na upepo.

Sasa niseme mjomba alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo mhubiri ataonekana alitunga. Alibatizwa akiwa mtoto, lakini alikuwa hapokei komunyo kwa miaka mingi, kwa kuwa alikuwa na mwanamke mwingine Kemondo na kila mtu alijua. Alikunywa. Alikuwa mcheshi na mkarimu kwetu sisi watoto, na hatukuwahi kujiuliza hela ya ukarimu ule ilitoka wapi, ingawa mke wake alilima bustani ya mchicha ili kulipa ada. Aliwahi kumpiga mke huyo mpaka akalazwa. Haya yote yalijulikana, na kwa desturi ya msiba hayakutajwa.

Mhubiri alikuwa kijana, hakuwa wa kanisa letu, na alikuja kwa wema pamoja na kwaya ndogo iliyokuwa ikizunguka katika nyumba zenye msiba. Alipopewa nafasi ya neno la faraja alifungua Luka 16, habari ya tajiri na Lazaro, akasoma mpaka pale tajiri akiwa kuzimu anapoomba Lazaro achovye ncha ya kidole chake majini ili auburudishe ulimi wake. Sidhani kama aliona alichokuwa akisoma na mahali alipokuwa akikisoma. Tulikuwa tumemkosa mtu kwa sababu ya maji, na hapo tukaambiwa kwamba sasa anaomba tone moja. Nakumbuka binamu yangu mdogo aliangua kicheko, kile kicheko cha watoto msibani ambacho si cha furaha, akatolewa nje kwa mkono. Mhubiri akaendelea. Alisema kwamba marehemu alijulikana alivyoishi, kwamba mlango umefungwa, na kwamba sisi tuliobaki tuokoke kabla ya meli yetu kupinduka.

Bibi yangu, mama yake marehemu, alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na nguzo ya turubai. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya dagaa: "Baba, hao watu waligonga kwa muda gani?"

Mhubiri hakuelewa. Mtu mmoja alimjibu bibi kwamba inasemekana walisikika kwa saa kadhaa.

"Basi alikuwa na muda," bibi akasema. "Yule mwizi aliyesamehewa msalabani alihitaji muda gani?"

Hapo ndipo katika masimulizi yangu ya zamani nilikuwa nikikomea, nikamwacha mhubiri mdomo wazi. Ukweli ni kwamba alijibu, na jibu lake lilikuwa la mtu mwaminifu. Alipiga goti mbele ya mkeka akasema, "Bibi, sikuja kukuumiza. Imeandikwa kwamba mlinzi akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu itatakwa mkononi mwake. Nami nikinyamaza, nitajibu nini?" Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani yeye mwenyewe alikuwa hajalala tangu Jumanne. Bibi alimshika mkono akamwambia anywe chai. Miaka mingi baadaye nilifungua Ezekieli 33, sura alikoyatoa maneno hayo, nikakuta kwamba mistari michache baada ya yule mlinzi, Mungu anaapa kwa uhai wake kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu. Hakufika huko siku ile. Sisi pia hatukujua kumwelekeza.

Mazungumzo hayakuisha alipoondoka. Fundi baiskeli wa mtaani, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akitaja dini, alisema kwamba yeye anauhitaji moto huo uwepo, kwa sababu kama haupo, waliojaza watu kupita kiasi katika meli ile watakwenda wapi? Watu wengi wakaitikia. Dakika kumi kabla walikuwa wamekasirika kwa mjomba kupelekwa motoni, na sasa walikuwa wakiwapeleka wengine kwa mikono miwili. Bibi pekee hakuitikia. Alisema taratibu kwamba na hao wana mama zao.

Ndipo mke wa mjomba akazungumza, kwa mara ya kwanza tangu aanze eda yake ya kimya. Hakumtazama mtu.

"Mama, mimi sitaki aungue," alimwambia bibi. "Lakini pia sitaki asamehewe kana kwamba hakufanya. Aliyepigwa ni mimi. Huyo Mungu akimsamehe, mimi ataniuliza lini?"

Hakuna aliyemjibu. Mtu akaenda kuongeza kuni.

Nimesoma kiasi tangu wakati ule, kwa kuwa swali lilinifuata mpaka chuoni na mpaka kazini. Nilijifunza kwamba neno letu jehanamu, lililotufikia kupitia Kiarabu, asili yake ni bonde la Hinomu, lililo nje ya Yerusalemu ya kale, ambako watu waliwateketeza watoto wao wenyewe kwa moto kama sadaka. Na kwamba katika Yeremia 7 Mungu analaani jambo hilo akisema hakuliagiza wala halikuingia moyoni mwake. Nilikaa na sentensi hiyo siku nzima, nikiwaza jinsi jina la mahali pa wazazi kuwachoma watoto lilivyokuja kuwa jina la kile ambacho wengi wetu tunadhani Baba atawafanyia wanawe. Nilimsoma Gregori wa Nisa, askofu wa Kanisa la kale, aliyetumaini katika karne ya 4 kwamba moto ule ni wa kusafisha na kwamba mwishowe wote watarejea. Nikamsoma na Agostino, askofu mwingine wa kale, aliyejibu kwamba katika Mathayo 25 neno lile lile la milele limetumika kwa adhabu na kwa uzima, kwa hiyo huwezi kuifupisha moja ukaiacha nyingine. Hoja ya Agostino si nyepesi, na sijapata kuiondoa kwa mkono. Rafiki yangu Msabato hunieleza kwamba waovu hawataungua daima bali watateketea wasiwepo tena, kwa kuwa mshahara wa dhambi ni mauti, si mateso. Nilisoma pia, katika sehemu iliyoongezwa kwenye kitabu kikuu cha mwanateolojia Toma wa Akwino baada ya kifo chake, kwamba watakatifu mbinguni wataona mateso ya waliohukumiwa, nikamfikiria bibi akiwa ameketishwa kwenye nafasi hiyo nzuri ya kutazama, nikakifunga kitabu.

Lakini kila nilipomaliza hoja moja nilimkuta mke wa mjomba ameketi palepale. Akiungua milele, yeye hajalipwa chochote. Akiteketea asiwepo, mdaiwa ametoweka. Akisamehewa kimyakimya huko juu, deni limefutwa na mtu ambaye si mdai peke yake. Tunajadili jehanamu kana kwamba kesi ni ya watu wawili, Mungu na mkosaji, na yule aliyeumizwa anaachwa nje ya chumba akisubiri aambiwe hukumu. Ninaamini kwamba Mungu ni upendo. Nimeshindwa kuamini upendo unaompita mwanamke yule bila kumuuliza, na nimeshindwa vilevile kuamini kwamba kinachoweza kumtosha ni mayowe ya mume wake.

Nirudi Mabatini. Jioni ya siku hiyo hiyo alikuja jirani yetu, mzee wa Kiislamu, mwenyeji wa Ujiji, aliyekuwa akiuza taa za chemli na vipuri vyake. Aliposikia yaliyotokea alimpa bibi pole, kisha akamwambia kwamba katika mafundisho yao mtu aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Bibi alimwomba arudie. Akarudia. Mama aliniambia baadaye kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza bibi kula tangu Jumanne. Ila mzee yule hakuwa mtu wa kutoa bidhaa bila kusema kasoro yake, na alipokuwa akivaa makubazi aliongeza: "Lakini, bibi, shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Deni mlitazame."

Kwa bibi hilo lilieleweka upesi kuliko mahubiri yote. Alizaliwa katika nyumba ya Wasukuma walioheshimu masamva, yaani mizimu ya mababu, na alivyonieleza, kwa wazee wake wafu hawakugawanywa makundi mawili. Walibaki karibu na nyumba, wakakasirika mambo yao yasiponyooshwa, wakatulia yaliponyooshwa. Baadaye alibatizwa akafundishwa habari za toharani, mahali roho hutakaswa baada ya kufa, na nadhani hakuona kama alihama mbali sana. Kesho yake alinituma dukani kununua daftari la kurasa 40 na peni, tukaanza kuzunguka.

Tulizunguka siku tatu. Mimi niliandika kwa kuwa yeye hakujua. Mjane anayeuza dagaa mwaloni Kirumba, shilingi 12,000. Mwenye duka la jumla, magunia mawili ya sukari ambayo alisema ayasamehe, bibi akakataa, akaniambia niandike. Fundi baiskeli, shilingi 800, ambaye aliona aibu kuzipokea. Kondakta mmoja. Mama ntilie watatu. Bibi alilipa kwa rambirambi, na zilipokwisha aliuza mbuzi, na kila deni lilipolipwa alinitaka nipige mstari juu yake kisha nimsomee jina tena, akiitikia kwa kichwa.

Jioni ya siku ya tatu tulirudi nyumbani, tukamkuta mke wa mjomba uani akichambua mchele kwenye ungo. Bibi aliketi mbele yake chini, si kwenye kigoda, jambo ambalo mama mkwe halifanyi. Akaniambia nifungue ukurasa mpya.

"Mwanangu," alisema, "na wewe, mwanangu alikuwa na deni lako kiasi gani?"

Mke wa mjomba aliendelea kuchambua kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, bila kuinua uso, "Andika jina langu." Nikaandika. Nikasubiri peni ikiwa mkononi.

"Acha nafasi," akasema. "Sijamaliza kuhesabu."

Daftari lile ninalo mimi sasa. Bibi alifariki mwaka 2004, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiniuliza kila nilipokwenda kumsalimia kama kuna kilichoongezwa kwenye ukurasa ule. Nilimjibu kwamba bado.