Siku moja maishani mwangu: Joto la Julai ndani ya boti ya chuma

Saa kumi na moja alfajiri

Mwezi wa Julai, hapa katikati ya Uingereza, jua huchomoza karibu saa kumi na moja alfajiri na halizami mpaka saa tatu na ushei usiku. Ni zaidi ya saa kumi na sita za mwanga, na nyumba yangu ni ya chuma.

Ninaishi kwenye boti nyembamba ya mfereji. Ina urefu wa mita 17 na upana wa mita 2 na kidogo, kwa sababu mifereji mingi ya zamani ya nchi hii ina malango ya maji yasiyopitisha kitu kipana zaidi. Kitako chake ni chuma cha milimita 10, ubavu milimita 6, paa milimita 4. Leo watabiri wamesema digrii 33. Chuma cha milimita 4 kikipigwa na jua la namna hiyo tangu alfajiri, kufika saa sita mchana huwezi kukiwekea kiganja.

Basi kazi ya kwanza ni kufungua kila kitu. Mlango wa omo (mbele), mlango wa tezi (nyuma), kifuniko cha paa kinachoteleza, mlango mdogo wa ubavuni, madirisha yote. Hewa ya alfajiri iko digrii 16, na inapita kutoka omo hadi tezi kama kwenye ujia. Katikati ya chuma na mbao za ndani kuna povu la kuhami joto, na wengi hudhani povu ndilo mkombozi. Povu huchelewesha joto tu. Likishaingia, povu hilo hilo hulizuia kutoka usiku. Kwa hiyo ubaridi wa saa hizi mbili za alfajiri nauvuna wote.

Napika sasa hivi, maana baada ya hapa jiko haliwashwi. Chapati tano, ndengu za nazi, birika la chai. Gesi ikiwaka nusu saa ndani ya chumba cha upana wa mita 2 inaongeza joto ambalo utakaa nalo mchana kutwa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Hii ndiyo saa ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu siku nzima inaamuliwa hapa.

Nimekaa na watu wengi wa mifereji, na joto likija wengi hukimbilia feni. Mimi nasema feni ni ya mwisho. Joto lizuie nje, kabla halijagusa chuma wala kioo. Pazia la ndani halitoshi: jua limeshapita kwenye kioo, pazia limepata moto, na joto lote liko chumbani nawe. Kitambaa kile kile ukikitundika nje ya dirisha, joto linabaki huko huko.

Kwa hiyo natandaza turubai jeupe upande wa kusini, kutoka reli ya paa hadi vijiti viwili nilivyochomeka kwenye nyasi za ukingo. Halifiki kwenye njia ya wapita njia, maana baiskeli hupita hapo asubuhi na mtu asije akanaswa. Madirisha ya mashariki yanapata ngao za karatasi zinazong'aa rangi ya fedha, zimekatwa kwa kipimo na kubanwa kwa nje na sumaku. Faida moja ya kuishi ndani ya chuma ni kwamba sumaku inashika popote.

Paa lenyewe nimelipaka rangi ya maziwa. Boti nyingi zina paa la kijani kibichi, jekundu au jeusi, na zinapendeza kweli kwenye picha, ila kila nikipita kando ya paa jeusi mwezi wa Julai nawahurumia waliomo ndani. Paneli zangu za sola nazo nimeziinua juu ya paa kama shubiri moja. Zinatia kivuli, na hewa inayopita chini yake inazipoza, jambo ambalo zenyewe zinalihitaji: paneli nyingi za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila digrii inayozidi 25.

Kuna kitu kimoja sikizibi kamwe hata joto likoje au baridi ikoje, nacho ni matundu ya hewa ya kudumu, yale ya juu ya paa na yale ya chini milangoni. Yapo kwa ajili ya gesi ya jiko na moshi usioonekana, yaani kaboni monoksidi.

Saa mbili asubuhi

Kazi inaanza. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu. Hospitali au halmashauri inapiga, kwenye laini kuna mtu wa Bukavu au Bujumbura aliyehamia huku, nami nakaa katikati yao. Mambo yanayosemwa humo ni ya siri, na mifereji ina wapita njia wengi: wakimbiaji, wavuvi, watu na mbwa wao, wote wakipita hatua moja kutoka dirishani kwangu.

Hapo ndipo joto na kazi vinapogongana. Kila simu ikiingia nafunga mlango wa ubavuni na madirisha ya upande wa njia, kisha nazima feni ili mama aliye upande wa pili asikie vizuri anachoambiwa kuhusu mtoto wake. Simu inaweza kuwa ya dakika kumi au ya dakika hamsini. Ninachoacha wazi ni madirisha ya upande wa maji, ambako hakuna mpitaji, na miguu yangu iko ndani ya beseni. Maji ya beseni yanatoka kwenye tangi lililoko omo, chini ya usawa wa mfereji, kwa hiyo hukaa baridi hata siku kama ya leo.

Sehemu ya chini ya boti yote ni hivyo. Imezama kama sentimita 60 majini, na ukilala sakafuni unausikia ubaridi mgongoni. Nimekata tundu sakafuni nyuma ya friji na kuweka kifeni kidogo cha volti 12 kinachovuta hewa ya ngamani, chini ya sakafu, kuipandisha kwenye koili. Friji isiyopata hewa nyuma haipumziki siku za joto, inanguruma mfululizo na kumaliza betri usiku.

Saa tano na nusu

Kati ya simu mbili, mama kanipigia kutoka Mombasa.

"Mwanangu, nimeona habari wasema Uingereza yaungua. Digrii ngapi?"

"Shikamoo, mama. Thelathini na tatu leo."

"Marahaba. Thelathini na tatu si ndiyo yetu ya Februari?"

"Ndiyo yenyewe, mama. Ila hapa hakuna upepo wa bahari, na mimi niko ndani ya bati."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina barafu, kama nakunywa maji ya chumvi na sukari, na kama yule mzee jirani yangu yuko salama. Mama hajawahi kumwona huyo mzee. Kila akipiga humuulizia.

Nyumba aliyozaliwa mama, Mji wa Kale, ina kuta za mawe ya matumbawe nene kuliko urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko, zimepakwa chokaa, na madirisha yana mbao za kufunga kwa nje. Ukuta ule unachukua mchana kutwa kupata joto. Chuma changu kinachukua nusu saa. Ndiyo maana digrii zile zile zinaishi tofauti, na ndiyo maana watu wa nchi hii wakilalamika sasa siwacheki. Tarehe 19 Julai 2022 kule Coningsby, Lincolnshire, kipimo kilifika 40.3, mara ya kwanza nchi hii kuvuka 40. Nyumba zao zilijengwa kutunza joto ndani. Boti zao vilevile.

Saa saba mchana

Nimemaliza zamu ya simu za asubuhi. Ndani digrii 30, nje 32. Kuwa chini ya hewa ya nje ndani ya boti ya chuma saa saba mchana ni ushindi, na nitausema bila haya.

Kwa nini asubuhi sikujificha chini ya miti? Kwa sababu sola inataka jua nami nataka kivuli, na kompyuta, modemu na friji vyote vinakula betri ile ile. Asubuhi za kazi naifunga boti mahali peupe karibu na Gayton Junction, kwenye Mfereji wa Grand Union. Betri zikijaa, nahama. Hata hivyo sisi tusio na gati la kudumu sheria ya mwaka 1995 haituruhusu kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14, na sehemu nyingine ni chini ya hapo.

Kabla ya kung'oa vigingi napita kwa mzee. Boti yake ni ya zamani, paa limepakwa rangi ya kijani iliyokolea, na anaishi na mbwa mmoja aliyezeeka pamoja naye. Nilimkuta amekaa mlangoni, uso mwekundu, feni ikimpepea usoni. Ndani kipimo kilisema 37. Hewa ikishapita digrii 35, feni inakupepea moto tu, na mwili wa mzee hauna akiba kubwa. Nikamtoa akae chini ya mti wa mwaloni, nikampa maji, naye mbwa nikamfunika taulo bichi. Njia ya lami ilikuwa inaunguza, mbwa hakutaka hata kuikanyaga.

Kisha tukashughulikia paa. Nilichukua mashuka yake mawili ya zamani, nikayatandaza juu ya chuma, nikachota maji ya mfereji kwa ndoo na kumwaga. Mara ya kwanza maji yalitoa mvuke. Watu wengine humwaga tu juu ya rangi, maji yakatiririka ukingoni na kupotea. Shuka linayashika ili yakauke pale pale, na kukauka ndiko kunakopoza. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na kilojuli zipatazo 2,400, joto la kutosha kuchemsha lita 7 za maji yaliyoanza na digrii 20. Tulimwaga ndoo kila robo saa. Baada ya ndoo ya nne aliweka kiganja kwenye dari ya ndani, akaniangalia, akaweka tena.

Mikono nikainawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Maji ya mfereji yana mkojo wa panya, na ugonjwa wa leptospirosisi si wa kuchezea, hasa ukiwa na mchubuko.

Nilimwambia tuondoke pamoja. Boti yake mbele, yangu nyuma, hadi kwenye pango, yaani handaki ambamo mfereji unapita chini ya ardhi.

Saa tisa alasiri

Kutoka Gayton Junction hadi mdomo wa pango ni mwendo wa dakika arobaini hivi, na hizo ndizo mbaya kuliko zote, umesimama tezi kwenye jua, mkono kwenye kana ya usukani, injini ya dizeli ikikupa moto miguuni. Kofia pana, shati la mikono mirefu, chupa ya maji. Mwendo mdogo, hasa ukipita boti zilizofungwa.

Halafu miti inakaribiana, ukingo unapanda pande zote mbili, na mbele kuna giza. Blisworth Tunnel. Lilifunguliwa mwaka 1805, lina urefu wa mita 2,813, na boti nyembamba mbili zinaweza kupishana ndani yake. Nikawasha taa ya omo na kuvaa koti la mvua.

Koti, ndiyo. Baridi ya mle inakupiga kifuani ukishapita mdomo tu. Maji yanadondoka kutoka matofalini, na kwenye vishimo vya hewa yanamwagika kama bomba, tena moja kwa moja juu ya paa. Nilifungua milango yote ya boti kabla ya kuingia, na kwa zaidi ya nusu saa hewa ya ardhini ikapita ndani kwangu kutoka omo hadi tezi. Katikati, sehemu iliyojengwa upya kwa zege kabla ya pango kufunguliwa tena mwaka 1984, hata mwangwi wa injini unabadilika. Simu haishiki humo, kwa hiyo siku ya namna hii huwaambia mapema kazini kwamba alasiri sipo.

Taa ya mzee ilikuwa ikipepesuka mbele yangu, na nilimsikia akiimba.

Saa kumi na moja jioni

Tumefunga boti kwenye mwitu kati ya pango na kijiji cha Stoke Bruerne. Kivuli kizito. Kabla ya kufunga kamba niliangalia juu, maana matawi makavu huanguka hata siku isiyo na upepo, na mti wa linden, ambao huku huitwa lime, hudondosha majimaji yanayonata kwenye paneli na kioo.

Tulikula chapati za asubuhi na ndengu baridi, na kachumbari ya tango. Mzee aliomba chapati ya pili. Kisha nilifanya simu tatu za jioni, zote fupi.

Saa nne usiku

Injini bado ina moto, unausikia ukiugusa ukuta wa tezi. Ndiyo sababu nimekiweka kitanda omo na jiko nyuma. Chandarua kimefungwa, kifuniko cha paa kiko wazi, ndani digrii 23.

Kesho wamesema 34. Mzee amekuja na tochi kuniuliza kama nina turubai la ziada. Ninalo, tena jeupe, ila vijiti havitoshi. Tumekubaliana nitakwenda kwake saa kumi na mbili asubuhi na sumaku zangu, tubane ngao madirishani, halafu tuone kama ile rangi ya maziwa iliyobaki kwenye kopo itatosha nusu ya paa lake.