Nilivyohamisha kokoto, udongo na mawe hadi nyuma ya nyumba

Lori halikuweza kupita. Geti la pembeni lina upana wa mita moja hivi, na kutoka hapo hadi kule nilikotaka kujenga njia ya bustani kuna ukoka niliouhangaikia miaka, vidato viwili vya zege, kisha kamteremko. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimwagwe nje, kisha kiingizwe kwa mikono. Msaidizi wangu alikuwa mpwa wangu, kijana ambaye nguvu anazo tele ila subira ndiyo ya kukopa.

Kabla ya hata kuagiza mzigo nilipiga hesabu ya uzito. Njia yenyewe ilikuwa mita 12 kwa mita 1, unene wa kokoto sentimita 5. Hiyo ni mita za ujazo 0.6. Ukisikia hivyo unaona ni kitu kidogo, lakini mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa tani moja na nusu na ushee, kwa hiyo pale palikuwa na kama tani nzima ya kokoto peke yake. Mchanga mkavu hauko mbali na hapo, na ukilowa chapachapa unakaribia tani mbili kwa kila mita ya ujazo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu inapita kilo 30. Mtu anayekwambia atabeba ndoo mbili mbili kutwa nzima, muulize kesho yake mgongo unaendeleaje.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutandika plaiwudi chakavu pale lori litakapomwaga. Kokoto zikimwagwa juu ya udongo mtupu au nyasi, utachota na majani na matope, halafu robo ya mwisho ya lundo inazama ardhini ukiiangalia. Faida ya pili nadhani ni kubwa zaidi: kwenye sakafu ngumu, koleo bapa linasukumwa chini kabisa ya lundo, linateleza na kujaa lenyewe, na kokoto za juu zinaporomoka kujaza pengo. Kuchoma koleo kwenye lundo la kokoto kutokea juu ni kugombana nazo. Mchanga na udongo wa juu niliviwekea turubai, moja chini na jingine la kufunika, maana mvua ikinyesha unajikuta unasukuma maji.

Nikaja kwenye toroli. Watu wengi hujaza toroli kwa kumwaga katikati ya beseni mpaka lifurike, halafu wanashangaa mikono inavyovutwa. Toroli ni wenzo: ekseli ya gurudumu ndiyo egemeo, yaani mahali wenzo unapozungukia, na wewe uko kwenye vipini, mbali. La kwangu lina kama sentimita 140 kutoka ekseli hadi mwisho wa vipini. Mzigo wa kilo 100 ukikaa sentimita 45 kutoka ekseli, mikono inainua kama kilo 32. Usogeze mbele ukae sentimita 30, mikono inabaki na kilo 21 hivi, na zilizobaki zinabebwa na gurudumu. Ni kokoto zilezile, toroli lilelile. Tulikuwa tunajaza upande wa gurudumu kwanza, karibu na mdomo wa beseni, na nyuma tunaacha wazi. Mpwa wangu aliona ni uvivu hadi alipojaribu yote mawili kwenye kidato.

Tena hatukujaza hadi juu. Toroli la theluthi mbili linanyooka; lililojaa linayumba, na likianza kulala ubavu huwezi kulizuia, wala usijaribu. Achia vipini, ruka pembeni, chota upya. Kiuno hakina spea.

Tairi nalo. Kwenye ardhi ngumu tairi lililojaa upepo vizuri linakwenda lenyewe. Kwenye nyasi na udongo laini tairi gumu kama jiwe linachimba mfereji, ndiyo maana niliwahi kupunguza upepo kidogo tu ili lipanuke, halafu nikarudisha. Pampu ilikaa karibu muda wote.

Ila kilichookoa kazi ni mbao. Gurudumu la toroli linagusa ardhi kwa sehemu isiyozidi kiganja, na uzito wote unapita hapo. Udongo ukiwa na unyevu unashindiliwa mara moja, na sehemu kubwa ya madhara hayo hutokea gurudumu linapopita mara za kwanza, kwa hiyo kusema "nitapita mara chache tu" hakusaidii. Nilisubiri ardhi ikauke, nikapanga mbao pana kuanzia getini hadi mwisho. Kuna namna ya kuzipanga. Mahali mbao mbili zinapokutana, ncha ya ile unayotoka inalala juu ya ile unayoingia. Toroli lenye mzigo likifika hapo linashuka kidogo, tap, linaendelea. Ukizipanga kinyume, kila kiungo ni ukingo wa kugonga, na kwa kilo 100 ukingo wa sentimita mbili unakusimamisha kabisa. Wakati wa kurudi unapanda ukingo huo, lakini toroli ni tupu, unalivuta nyuma yako na maisha yanaendelea.

Kwenye kona niliweka plaiwudi nzima badala ya ubao, kwa kuwa toroli la gurudumu moja hugeuzwa kwa kulilaza kidogo na kuzunguka, na miguu yako nayo inahitaji mahali pa kukanyaga. Chini ya mti mkubwa sikupitisha kitu wala kurundika kitu. Mizizi mingi ya miti iko kwenye tabaka la juu la udongo, si chini sana kama tunavyodhani, na mti ulioshindiliwa mizizi hausemi mwaka huo huo.

Vile vidato viwili vilikuwa na kimo cha sentimita 30 kwa jumla. Ubao wa mita 2.4 uliolazwa juu yake unatoa mwinamo wa moja kwa nane, ambao unapandika. Ubao mmoja ulikuwa unabonyea katikati, nikaweka matofali chini yake, na juu nikanyunyiza mchanga ili viatu visiteleze. Mahali ambapo gurudumu lilikwama, tuligeuka na kulivuta kinyumenyume. Unaposukuma, sehemu ya nguvu yako inalikandamiza gurudumu chini; unapovuta, unalisaidia kupanda. Kwenye mteremko ilikuwa kinyume cha shida: toroli linataka kukimbia. Hapo unashusha vipini mpaka miguu ya toroli iburuze chini, ndiyo breki.

Tulianza kumwaga mwisho kabisa wa njia, kule mbali, tukarudi nyuma kuelekea getini. Hili nalisisitiza kwa sababu kishawishi ni kuanzia karibu ili uone kazi imesogea. Ukianzia karibu, kila toroli linalofuata litapita juu ya kokoto ulizokwisha kumwaga, na kokoto zilizolegea humeza gurudumu. Ni afadhali kusukuma kwenye tope.

Matandazo ya magome na majani makavu hatukuyapakia kwenye toroli hata kidogo. Ni mepesi lakini yana wingi, beseni linajaa kabla hujafanya kitu. Tuliyarundika juu ya turubai, tukakunja pembe mbili za mbele tukashika kila mtu yake, tukaburuta. Kwenye nyasi kavu turubai linateleza vizuri sana.

Yakabaki mawe ya mapambo. Kubwa kuliko yote lilikuwa kama sentimita 50 kwa 40 kwa 30. Mwamba wa aina ya granite una uzito wa karibu tani 2.7 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hapo ni kama kilo 160.

"Mjomba, hili tulivunje tu."

"Tukilivunja tutapanda maua juu ya kokoto?"

Nilichukua mtaimbo wa mita moja na nusu, nikaweka kipande cha mti kama egemeo sentimita 15 kutoka ncha. Upande wako ni mrefu mara tisa kuliko upande wa jiwe. Kuinua ncha moja ya jiwe ni kama kuinua nusu ya uzito wake, na ukigawa kwa tisa, unakandamiza kwa kilo tisa kumi. Mmoja anakandamiza, mwingine anaingiza kipande cha bomba la chuma, na vidole vinabaki nje muda wote. Bomba linasukumwa kwa kijiti. Jiwe likikaa juu ya mabomba matatu juu ya mbao, linasukumika kwa mkono mmoja. Bomba linalobaki nyuma unalitoa na kuliweka mbele.

Kipande cha mwisho kilikuwa juu ya tabaka la mchanga tulilokwisha kulitandaza, na huko mabomba yalizama. Tukalilaza jiwe juu ya kipande cha plaiwudi chenye kamba, nikamwagia mchanga maji kidogo mbele yake. Hii ni mbinu ya kale: kwenye kaburi la Djehutihotep, gavana wa zamani huko Misri, la kama mwaka 1900 kabla ya Kristo, kuna mchoro wa sanamu kubwa ikiburutwa juu ya sleji, chombo cha kuburuta kisicho na magurudumu, na mtu anamwaga maji mbele. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima, wakakuta mchanga wenye unyevu wa kiasi hupunguza nguvu ya kuvuta hadi karibu nusu, kwa kuwa haujirundiki mbele ya mzigo. Maji yakizidi, faida inapotea. Kwetu mchanga mkavu ulikuwa unajikusanya mbele ya plaiwudi kama mto wa kulalia. Ulipolowa ukatulia, na jiwe likafuata kamba.

Baada ya kuondoa mbao, ukoka ulikuwa wa njano na umelala. Pale palipoonekana kushindiliwa nilichoma matundu kwa uma wa bustani, nikiutikisa kidogo kabla ya kuuchomoa, nikafagilia mchanga uliobaki ndani ya matundu, nikamwagilia. Kokoto zilizopotelea kwenye nyasi ilibidi ziokotwe moja moja, maana mashine ya kukatia ikiikuta moja inaitupa kama risasi. Kazi hiyo nilimpa mpwa.