Ukungu ndani ya skrini ya kompyuta: mchele ulinifelisha, soksi zikaniokoa

Mtu wa kwanza kuniambia nizike monita kwenye mchele ana digrii. Wa pili anauza mchele wa Ahero, kwa hivyo huyo wa pili angalau namwelewa.

Niko na saiba ndogo hapa Kondele, kazi ni zile za kawaida tu, kuprinti, CV, usajili wa SHA ile bima ya afya, huduma za serikali za eCitizen, halafu Juni ikifika ni ritani za kodi za KRA, maanake tarehe 30 ndio mwisho na Mkenya hajaumbwa kujaza kitu mapema. Sasa mwezi wa tano, mvua inapiga kila jioni venye hupiga Kisumu, monita ya kona ikaanza kuwa na wingu. Ni Dell ya inchi 19, eksi-yukei, yaani mtumba wa Uingereza, niliinunua elfu nne na kitu na haijawahi kunisumbua. Nikapangusa, wingu liko. Nikapangusa tena na kitambaa kikavu, nikapitisha na kucha, kioo kikavu kabisa lakini wingu halijasonga. Nikazima stima nikamulika na tochi ya simu kwa ubavu ndio nikaona vizuri: matone madogo ya saizi ya ncha ya sindano, yamejipanga kwa ndani kutoka ukingo wa chini kushoto yakipanda juu. Ukiwasha matone huyaoni, unaona tu doa la kijivu, na herufi zikifika hapo zinakaa ni kama wino umemwagikiwa na maji.

Kufikia saa sita mtaa mzima ulikuwa umeshakuwa wahandisi.

Fundi mmoja alikuja akaangalia kwa umbali, hata hakuishika, akasema, "Boss, hiyo paneli imeisha, tafuta ingine." Na kwa bahati nzuri yeye anazo za kuuza. Mwingine akasema weka juani. Dada wa saluni mlango wa pili ndiye alikuwa na moyo zaidi, alikuja na draya mkononi tayari. "Lete nikupigie, mimi hukausha kichwa kizima nusu saa, hii kitu ndogo hivi?" Nikamwambia, "Nyar Alego, hii si weave ya nywele, ikiungua haishonwi ingine." Akacheka lakini hakuridhika. Na si eti nilikuwa namdharau. Kuna kijana hapa chini alipiga ya kwake draya ya moto wa mwisho, ile karatasi ya plastiki ya mbele inaitwa polaraiza ikavimba mapovu na haijawahi kulala tena. Mbele ya skrini hizi si kioo kigumu venye watu hufikiria. Kuna polaraiza, katikati kuna ile fuwele majimaji, nyuma kuna karatasi nyembamba kadhaa za kusambaza mwanga, halafu bamba la plastiki, na taa ziko pembeni. Maji yakipata njia ya ukingo yanajivuta yenyewe katikati ya hizo karatasi na kutoka hapo hayana haraka. Jua kali nalo ni hadithi ileile ya draya, tofauti ni kwamba hulipii.

Sasa mchele. Nilikubali mchele ili wanyamaze. Nikanunua magorogoro kadhaa, wa Ahero kabisa, mzuri, nikatafuta boksi la televisheni, nikamwaga, nikalaza monita ndani, nikamwagia juu mpaka ikabaki tu shingo ya stendi inachungulia. Watu walikuja kuangalia. Jamaa wa digrii alipiga picha. Nikafunga duka nikaenda nyumbani.

Usiku panya wote wa Kondele wakapata habari. Nikifungua asubuhi boksi lina tundu la kuingia ngumi, mchele umetapakaa mpaka chini ya printa, kuna vinyesi juu ya kibodi ya mashine namba mbili, na kebo ya mausi ya namba tatu imetafunwa ikabaki waya mbili zinashikana kwa imani. Nikainua monita, nikaiinamisha kidogo, chaka chaka chaka. Punje zilikuwa zimeingia kwa yale matundu ya hewa ya nyuma. Na ule unga wa mchele, ile pumba nyeupe, umejaa kwa kila kifungo. Nikaimulika na tochi. Wingu liko palepale, halijapungua hata ukucha, na sasa lina jirani, fukusi mmoja anatembea kwa ukingo wa fremu.

Na ukifikiria, mchele ungefanya nini? Umekaa gunia wazi sokoni Kisumu wiki ngapi, umevuta hewa hiihii ya ziwa ambayo imelowesha monita. Umeshashiba. Unataka unyonye nini tena?

Ilibidi nifungue kifuniko cha nyuma kutoa punje, na hapo niseme jambo moja kwa sauti kwa sababu watu hufungua hizi vitu na simu iko sikioni. Kuchomoa kwa soketi haitoshi. Ile bodi ya pawa ina kapasita, kile kidude cha kuhifadhi stima, ambayo inaweza kukaa na stima muda mzuri baada ya kuchomoa, na hizi monita za zamani zenye taa za mirija zina invata inayotoa mamia ya volti. Mimi niliichomoa nikaiacha mpaka kesho yake, na hata hivyo nilitoa punje na kibano cha plastiki bila kugusa bodi. Paneli yenyewe sikufungua na sitafungua. Fundi anayekuambia atazitenganisha zile karatasi apanguse moja moja ndani ya chumba chenye vumbi la Kondele, mwambie akuonyeshe aliyoifunga tena ikawa safi. Ukungu hukauka. Vumbi likiingia huko, hapo ndio kwake.

Nikiwa nimekaa hapo na punje mkononi ndio nikaanza kujiuliza mbona ni monita ya kona peke yake. Zingine zote ziko sawa, hewa ni moja. Nikaangalia ukuta. Kule nyuma ya mabati kuna mama ana kibanda, huanza kuchemsha maharagwe na supu saa kumi alfajiri, na mabati hayajafika juu, kuna mwanya wa shubiri nzima. Ule mvuke wote unaruka unashuka kwangu. Monita imezimwa tangu jioni, imepoa, imeegemea ukuta wa mawe ambao pia umepoa, usiku hapa joto hushuka mpaka kama nyuzi 18, halafu mvuke wa supu unakuja unapata mahali baridi pa kutua. Zile zingine ziko katikati ya chumba, mvuke haujazifikia vizuri. Sasa hata ningeikausha na moto wa kuzimu, ikirudi kona ile ingelowa tena kesho yake, na hakuna mshauri hata mmoja aliuliza maji yanatoka wapi.

Basi nikahamisha kila kitu nikaanza upya kwa akili yangu.

Ukinunua viatu vipya au mkoba, ndani kuna kapakiti kadogo kenye shanga, kameandikwa usile. Hiyo ni silika jeli, na ikiwa kavu inaweza kunyonya unyevu hewani hadi kama theluthi ya uzito wake. Nikapitia maduka ya viatu pale Oginga Odinga Street jioni nikaongea na vijana wa kufagia, wao huzitupa tu, kwa bei ya soda nikapewa mfuko umejaa. Kibuye kwa mitumba usijisumbue, huko hazipo.

Lakini zikitoka dukani huwa zimeshanyonya, kwa hivyo lazima uzikaushe kwanza, na hiki ndicho kitu watu huruka halafu wanasema haifanyi kazi. Nilipasua pakiti, maanake karatasi yake inaungua, nikamwaga shanga kwa sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni tena maishani, nikaiweka kwa jiko makaa yakiwa yameshavaa jivu, nikawa nakoroga polepole. Ukiweka moto mkali zinapasuka. Kati yake kulikuwa na chache za rangi, zilikuja zikiwa za waridi, na venye zinapata joto zikaanza kugeuka bluu mbele ya macho yangu, nikaita mpaka wateja waje waone. Hizo za bluu zina kobalti, si kitu cha kuchezea, nawa mikono na watoto wakae mbali. Ila nilizipenda sana juu zinakuambia ukweli: bluu ni kavu, waridi imeshiba.

Shanga sasa zinahitaji nguo. Nikachukua soksi za shule za kijana wangu, zile ndefu, zimeoshwa (nimeulizwa), nikazijaza nikazifunga fundo. Nikatafuta karatasi ya godoro, ile plastiki kubwa godoro jipya hufungwa nayo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 karatasi nzima nzuri ni mali, hiyo nilikuwa nimeiweka chini ya kitanda kwa sababu ambayo sikuwa naijua mpaka siku hiyo. Monita ndani, imesimama wima venye husimama mezani, soksi zimeegemea matundu ya nyuma, zile shanga za rangi nikazifunga kwa kipande cha neti mahali naweza kuziona kutoka nje, nikakusanya mdomo wa karatasi nikakaza na blada ya baiskeli. Nikaipeleka nyumbani chumbani, mbali na jua, mbali na supu.

Na kwa fremu nikabandika vipande vya selotepu kuonyesha ukingo wa wingu umefika wapi. Hii usiiache. Bila alama utakuwa unajidanganya kila asubuhi, leo unaona limepungua, kesho unaona limeongezeka, kumbe ni macho.

Kwanza zile za bluu ziligeuka waridi haraka mpaka nikashtuka, hiyo ilikuwa hewa ya ndani ya karatasi tu na unyevu wa kasha. Nikarudisha zote jikoni, yaani kwa jiko la nje, nikazirudisha kwa soksi. Mara iliyofuata zikakaa bluu muda mrefu zaidi, na wingu likaanza kuachana na selotepu. Polepole sana. Mama watoto aliniuliza kama hiyo godoro ya kioo inalala hapo mpaka lini.

Baada ya wiki na kitu matone hayaonekani tena kwa tochi, limebaki doa hafifu katikati. Hapo ndio niliirudisha dukani, meza ya katikati, nikawasha. Si kabla. Kuwasha kitu kikiwa na maji ni kutafuta shoti. Nikafungua ukurasa mtupu kwa brauza, nikabonyeza F11 skrini nzima ikawa nyeupe, mwanga nikapandisha mwisho, na feni ya meza ikipuliza nyuma yake. Taa zake ziko juu na chini kwa hivyo joto linaanzia ukingoni, na joto la taa zake mwenyewe ni la upole, haliwezi kuvimbisha kitu. Doa likaanza kujikunja kutoka pande zote likabaki kisiwa. Jaduong' mmoja, mzee wa Seme, alikuja kwa mambo ya SHA, akakaa mbele yake akaitazama muda mrefu akasema, "Hiyo ni Mfangano," kile kisiwa cha Ziwa Victoria. Kutoka siku hiyo wateja wakiingia wanauliza Mfangano imefika wapi. Iliendelea kupungua, na kabla foleni ya KRA ianze haikuwepo.

Saa hii ukiweka skrini nyeupe na ukitafuta kwa bidii kuna alama nyembamba pale kona ya chini, na ni mimi tu huiona. Bahati yangu ni kwamba ilikuwa maji ya mvuke, hayabebi chumvi wala sabuni. Kama wewe ulipulizia dawa ya kusafisha moja kwa moja kwa kioo ikatiririka ikaingia kwa chini, utaikausha lakini mchirizi unaweza kubaki. Pulizia kitambaa, usipulizie skrini. Na kama ni maji ya mafuriko yamefika mpaka kwa bodi, hii yangu haikuhusu, peleka kwa mtu anayejua bodi.

Mama wa supu tulielewana. Nilimwambia, "Mama, mvuke wako unaniharibia kazi," akaniambia, "Na moshi wa printa yako je?" Printa haina moshi lakini sikubishana, nilimchapishia orodha ya bei yenye picha ya samaki, akasogeza sufuria upande wa barabara, mwanya nikauziba na mabati ya kuokota. Monita zote sasa ziko mbali na ukuta kama shubiri hivi. Usiku nazifunika na shuka la pamba, ile plastiki ya kufunikia niliitoa kwa sababu inafungia unyevu ndani. Na nikiletewa mashine kutoka Nairobi na basi la usiku, imepita Kericho kwenye baridi ikiwa kwa buti, inakaa kwa boksi lake mpaka mchana ndio iguswe, hata mteja akilia.

Gharama yote sidhani ilifika mia tano, ukitoa mchele. Kebo ya mausi nimeiweka kwa hesabu ya mchele. Fundi wa paneli alipita juzi akaona inafanya kazi akasema alijua tu itapona. Soksi bado ziko, zimening'inia ndani ya mtungi wa plastiki wenye kifuniko, anayetaka kuazima aje na makaa yake.